Ziwa Si Kioo

Kikundi chetu cha usomaji hapa Mwanza hupokea miswada ya hadithi kutoka kwa vijana wa Kanda ya Ziwa, na karibu kila mwezi nakutana na sentensi hii au ndugu yake: ziwa lilikuwa limetulia kama kioo. Mhusika amefiwa, ziwa kama kioo. Mhusika kapata mchumba, ziwa kama kioo. Jua linazama upande wa Sengerema, mhusika amekaa Capri Point anawaza maisha, na ziwa, kama kawaida yake, ni kioo.

Sina ugomvi na tashibiha. Ugomvi wangu ni kwamba sentensi hiyo si kweli, na uongo wake una bei. Bei hiyo nimeiona mwaloni, imeandikwa kwenye simu ya mtu, na aliyetakiwa kuilipa ni shangazi yangu. Nitafika huko. Kwanza nieleze mtu wa vitabu kama mimi aliingiaje kwenye habari za mwanga.

Kazi yangu ya mchana ni kuchora mistari kwenye picha za watu wengine. Picha zinapigwa kutoka angani, na setilaiti au na ndege zisizo na rubani, zinafika kwenye kompyuta yangu, nami nazungushia mstari kila paa: hii nyumba, hii nyumba, hili banda la kuku. Baadaye michoro ya watu kama mimi inatumika kuifundisha kompyuta itambue paa yenyewe. Kuna sehemu za nchi kazi hii ni nyepesi, unaimaliza huku unasikiliza redio. Mwanza si mojawapo. Mwanza ni jiji la mawe. Mabatini, Igogo, Bugando, nyumba zimepanda mlima zikabanana katikati ya majabali, na ukiangalia kutoka juu, jabali lililopigwa na jua la saa sita na bati lililozeeka ni mapacha. Bati jipya nalo linaungua kabisa kwenye picha, linabaki doa jeupe lisilo na kingo.

Google walipotoa data yao ya majengo ya Afrika mwaka 2021, yenye majengo milioni 516, kazi iliyofanywa na timu yao ya Accra nchini Ghana, walieleza wenyewe kwamba maumbile ya ardhi ni miongoni mwa vitu vinavyoweza kuichanganya kompyuta ikadhani ni majengo. Niliposoma hivyo nilicheka peke yangu. Waje Igogo.

Lakini swali lenyewe si la kuchekesha. Jiwe au bati? Macho yangu yanajuaje? Nikaanza kutafuta, na nilichokuta ni kwamba watu wamelisumbukia swali hili kwa karne nyingi. Linahusu jambo moja: mwanga ukigonga kitu, unaondoka vipi?

Kiswahili chetu kimeshalijibu nusu, ila maneno yake tunayatumia ovyo. Kung'aa si sawa na kumeta. Bati jipya linang'aa. Kisu kikigeuzwa kinameta, mara moja, kisha basi. Dagaa kwenye kichanja wanametameta, na hapo lugha imefanya jambo la busara: imerudia kitenzi kwa sababu tukio lenyewe linajirudia, vimeto vidogo vingi, hiki kikizimika kile kinawaka. Ukuta wa chokaa haumeti wala haumetameti, ni mweupe tu. Na kuakisi, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni kurudisha sura ya kitu, jambo ambalo ukuta hauwezi. Halafu kuna kioo, neno moja linalobeba dirisha, kijitazamio, na siku hizi hata uso wa simu. Ukisema kitu ni kama kioo, msomaji ana haki ya kuuliza: kipi?

Mwaka 1760 Johann Heinrich Lambert, mtoto wa fundi cherehani kutoka Mulhouse, alichapisha kitabu kwa Kilatini kiitwacho Photometria. Kanuni iliyobaki na jina lake ina sehemu mbili. Ya kwanza mwanamke yeyote wa mwaloni anaielewa. Chukua debe moja la dagaa, mwaga kwenye kichanja kifupi, watalundikana. Mwaga debe hilohilo kwenye kichanja kirefu, watakuwa wachache kila mahali. Miale ya jua ni hivyohivyo. Jua likiwa utosini, miale inaangukia eneo dogo. Likiinama, miale ileile inatandazwa eneo kubwa, na kila sehemu inapata pungufu. Upungufu huo unafuata kosaini ya pembe: miale ikiinama nyuzi 60 kutoka wima, uso unapata nusu ya mwanga.

Sehemu ya pili ni kwamba uso wa namna hii ukishapokea mwanga, unautawanya kwa namna ambayo popote utakaposimama utauona na weupe uleule. Ukuta uliopakwa chokaa unakaribia kuwa hivyo. Chaki pia, karatasi pia. Simama kushoto, simama kulia, ukuta haubadiliki. Kwa mtu anayetaka kuifundisha kompyuta kuona, hii ni neema, maana hesabu yake ni fupi na haijali mtazamaji yuko wapi. Kwa hiyo kwa miaka mingi dunia ya kompyuta ilikuwa na vitu vya aina mbili: vioo vinavyorudisha mwanga upande mmoja tu, na kuta za chokaa zinazoutawanya kila upande.

Tatizo ni kwamba Mwanza hatuishi na vioo wala kuta za chokaa. Tunaishi na graniti.

Panda kivuko kutoka Kamanga saa kumi na moja jioni kuja mjini. Jua liko mgongoni kwako, linapiga majabali ya ufukweni moja kwa moja. Tazama yale makubwa ya mviringo, pamoja na Jiwe la Bismarck lenyewe. Kwa kanuni ya Lambert, jabali la mviringo lingetakiwa liwe jeupe katikati na lififie kuelekea pembeni, maana pembeni uso wake unainama mbali na jua. Angalia vizuri. Pembeni hapafifii kama inavyotakiwa. Jabali linakuwa bapa, kama limekatwa kwenye boksi na kubandikwa. Nimewahi kudhani ni macho yangu.

Si macho. Mwaka 1994 Michael Oren na Shree Nayar wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walitoa maelezo ambayo leo yanaitwa kwa majina yao. Wazo lao lilijengwa juu ya kazi ya Torrance na Sparrow ya mwaka 1967, waliouchukulia uso unaoparuza kama mkusanyiko wa vipande vidogo sana, kila kimoja kimeelekea upande wake. Torrance na Sparrow walivifanya vipande hivyo viwe vioo. Oren na Nayar wakavifanya viwe vikuta vidogo vya chokaa. Tofauti inaonekana ndogo, lakini inaeleza jabali letu.

Chukua mlima wa Igogo wenyewe, na nyumba zake, uusinyaze mpaka utoshe kwenye ukucha. Huo ndio uso wa graniti ukiuona kwa karibu: vilima, mabonde, miinamo. Jua likiwa nyuma yako, unaona kuta zilizoelekea jua tu, kwa sababu zilizoelekea jua ndizo zilizokuelekea na wewe. Vivuli vyote vimejificha nyuma ya kuta hizo. Hata kwenye ukingo wa jabali, ambapo uso mzima umeinama, bado kuna vikuta vidogo vilivyosimama vinatazama jua, navyo vinakurudishia mwanga. Ndiyo maana ukingo haufifii. Sasa nenda upande wa pili, jua liwe mbele yako: unaona migongo ya kuta zilezile, vivuli vitupu. Jiwe ni lilelile na jua ni lilelile. Aliyehama ni wewe.

Katika hesabu yao kuna namba moja inayosema miinamo hiyo midogo imetofautiana kiasi gani. Ikiwa sifuri, yaani uso hauparuzi kabisa, hesabu inarudi kuwa ya Lambert. Hilo nalipenda. Hawakumfukuza mzee, walimpa nafasi yake.

Mwezi mpevu ni jabali hilohilo, likiwa mbali. Ungekuwa mpira wa chokaa, kingo zake zingefifia. Badala yake unaonekana bapa, kama sahani. Galileo katika kitabu chake cha mwaka 1632 alitumia kioo na ukuta kuwabishia waliosema mwezi ni laini kama kioo. Tundika kioo ukutani juani, alihoji, halafu tembea: karibu kila mahali utakaposimama, ukuta utaonekana mweupe kuliko kioo. Kioo kinampa mwanga mtu mmoja aliyesimama mahali pake. Ukuta unaugawa kwa wote. Kwa hiyo mwezi, unaotuangazia sote, hauwezi kuwa kioo. Wavuvi wetu wa dagaa nao wana habari zao na sahani hiyo: mbalamwezi ikitanda, taa haivuti dagaa, mitumbwi inapumzika mpaka giza lirudi.

Sasa shangazi.

Shangazi yangu anauza dagaa tangu mimi sijazaliwa. Zamani alianika mchangani kama wengine. Miaka michache iliyopita yeye na wenzake wa kikoba walikopa, wakajenga vichanja vya miti na nyavu, dagaa wakawa wanakaukia hewani. Tofauti yake hata mgeni anaiona. Dagaa wa kichanjani wanabaki na rangi yao ya fedha, na ukiwatafuna hakuna kinacholia menoni. Mnunuzi mmoja mkubwa akaanza kutuma wakala mwenye simu. Wakala anatandaza dagaa kwenye turubai jeusi, anapiga picha moja, simu inasema daraja. Hakuna kubishana tena, eti mashine haina upendeleo.

Mara tatu mfululizo dagaa wa shangazi wakasomeka daraja la pili: wana mchanga. Tofauti ya daraja la kwanza na la pili, kwa magunia yake, ni ada ya mjukuu. Akanipigia.

"Baba, wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Njoo uiambie hiyo simu kichanja hakina mchanga."

Nilifika saa saba kasoro mchana. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku anatazama turubai. Wakala alikuwa kijana mpole, hakuwa na ubaya wowote. "Kaka, mimi nafuata simu inavyosema," alinieleza. "Nikiandika tofauti, ofisini wananiuliza."

Nikamwomba tujaribu kitu kimoja. Turubai lilelile, dagaa walewale, tukaliburuta mpaka chini ya mwembe. Akapiga. Daraja la kwanza. Tukalirudisha juani. La pili. Kivulini, la kwanza. Juani, la pili. Wanawake waliokuwa wanageuza dagaa wakaanza kusogea. Wakala akaitazama simu kama mtu aliyesikia ndugu yake anadanganya mbele za watu. Shangazi hakucheka.

"Kwa hiyo jua ndilo mchanga?" aliuliza.

Ni swali zuri, na nimelifikiria zaidi ya vitabu vingi nilivyosoma mwaka huu. Rangi ya fedha ya samaki kama dagaa si rangi ya kupakwa. Ndani ya ngozi yao kuna fuwele nyembamba za guanini zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, kama vioo vidogo vilivyopangwa rafu. Samaki akiwa mbichi, vioo hivyo vimetulia. Akikauka, ngozi inakunjamana, na kila kunyanzi linaelekea upande wake. Uso uliokuwa laini umekuwa wa kuparuza, lakini ni mparuzo wa vioo, ule wa Torrance na Sparrow, siyo wa chokaa. Jua la saa saba, ambalo ni taa moja kali iliyo juu, linakuta makunyanzi machache yaliyoinama sawasawa kulirusha moja kwa moja kwenye kamera. Kila moja la hayo ni doa jeupe, dogo. Punje ya mchanga kwenye turubai jeusi nayo ni doa jeupe, dogo. Kivulini taa ni anga zima, mwanga unatoka kila upande, na madoa yanayeyuka.

Nikamuuliza shangazi, yeye anajuaje. Akachota konzi ya dagaa, akanyoosha mkono juani, akaugeuza taratibu, kulia, kushoto.

"Naangalia inayotembea na isiyotembea," alisema. "Mng'aro unatembea. Mchanga hautembei."

Niliporudi nyumbani usiku ule nilikwenda kutazama tena makala moja. Mwaka 1980 Robert Woodham wa Kanada alionyesha namna ya kuijulisha kompyuta umbo la uso: usiipe picha moja, ipe picha kadhaa za kitu kilekile, kamera isitikisike, ila taa ihamishwe. Kila picha inafunga mlango mmoja wa ubishi. Anachofanya shangazi ni binamu wa hicho, isipokuwa yeye hahamishi jua, anageuza dagaa. Wala sisemi shangazi alimtangulia profesa. Ninachosema ni kwamba picha moja haitoshi, na wote wawili wanalijua hilo, wakati mnunuzi alijenga bei juu ya picha moja.

Kwa nini haitoshi? Kwa sababu weupe wa nukta moja kwenye picha ni zao la mambo mengi yaliyozidishwa pamoja: ukali wa taa, rangi ya kitu, mwinamo wa uso, mparuzo wake, mahali pa kamera. Ukiambiwa jibu ni 12, kisha ukaulizwa namba zilizozidishwa ni zipi, utasema nini? Tatu na nne? Mbili na sita? Kompyuta inayotoa jibu moja haraka haijajua. Imechagua, kwa kufuata picha ilizofundishiwa. Kama picha hizo nyingi zilipigwa asubuhi yenye mawingu, basi jua la mchana kwake ni mchanga.

Suala hili haliishii kwa dagaa. Kuna programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania kwa kushirikiana na IITA, inayomsaidia mkulima kutambua batobato na michirizi ya kahawia kwenye majani ya muhogo bila kuhitaji intaneti. Picha za mwanzo za kuifundishia kazi hiyo zilipigwa kwenye mashamba ya Tanzania. Uganda nako Chuo Kikuu cha Makerere walishiriki kutoa picha 21,367 za majani ya muhogo, zilizotumika kwenye shindano la dunia lililoanza mwaka 2020. Kazi hizi nazitakia heri zote, maana muhogo ukifa Kanda ya Ziwa watu wanalala njaa. Na nawaheshimu watafiti wa Nuru kwa sababu mwaka 2019 walichapisha wazi kwamba modeli yao ilishuka uwezo ilipotoka kwenye picha za majaribio ikaenda na simu shambani. Jani halisi linapepea, lina umande, lina upande wa mng'aro na upande uliofifia. Jina Nuru limechaguliwa vizuri kuliko walivyokusudia.

Na ngozi zetu? Nenda studio yoyote mjini kupiga picha ya pasipoti, mpiga picha atakupa kitambaa ufute uso. Anajua anachofanya. Mwanga unaorudi kutoka kwenye uso wa mtu ni wa aina mbili: unaodunda juu ya ngozi, na ule unaoingia ndani kidogo kisha ukatoka. Ule wa kwanza ni karibu sawa kwa binadamu wote. Wa pili ni mdogo zaidi kwa sisi wenye ngozi nyeusi, kwa hiyo kwetu mng'aro unaonekana zaidi, na kamera iliyopimwa kwa ngozi nyingine inapotea. Kufundishwa kwa sura za watu wa aina moja nako kunaongeza tatizo. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo mitatu ya kibiashara ya kutambua jinsia kwa uso. Kwa wanaume weupe, kosa kubwa lilikuwa asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7. Shangazi angeuliza: kwa hiyo na sisi ni mchanga?

Ziwa lenyewe lina onyo la zamani zaidi. Kwenye mawe ya chini ya maji karibu na visiwa vyetu wanaishi furu wa jenasi ambayo wanasayansi wameipa jina la Kiswahili, Pundamilia. Mmoja anaitwa Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu. Dume lake lina wekundu. Ndugu yake, Pundamilia pundamilia, dume lake ni la bluu. Jike huchagua dume kwa rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti walioufanya huku kwetu, wakionyesha kwamba mahali ambapo maji yamechafuka na mwanga kupungua, rangi hazitofautishiki tena, majike wanashindwa kuchagua, na aina zilizokuwa mbili zinachanganyika. Hakuna aliyewavua wala kuwala. Walipotea kwa sababu mwanga ulibadilika na macho yao hayakuwa na njia ya pili ya kuuliza.

Nimeahidi kurudi kwenye sentensi ya vijana wetu. Ukisimama Mwanza jioni ukatazama magharibi, jua linaweka njia ya mwanga juu ya maji, kuanzia upeo wa macho mpaka miguuni kwako. Kila wimbi dogo ni kioo, na yanayowaka ni yale tu yaliyoinama kwa pembe inayokupa jua wewe. Jirani yako aliyesimama hatua kumi pembeni anaona njia yake, ya mawimbi mengine. Upepo ukiwa mdogo, miinamo ni midogo, njia ni nyembamba. Upepo ukiongezeka, hata mawimbi ya pembeni yanapata mwinamo wa kutosha, njia inapanuka. Mwaka 1951 Charles Cox na Walter Munk walipiga picha za njia hiyo kutoka kwenye ndege, juu ya bahari ya Hawaii, wakapima, na mwaka 1954 wakachapisha kwamba utofauti wa miinamo hiyo unaongezeka sambamba na kasi ya upepo. Yaani kutokana na mmeto peke yake unaweza kuusoma upepo. Mvuvi mzee wa Ukerewe hana haja ya ndege.

Kwa hiyo kioo si neno baya kabisa. Kosa liko kwenye ngeli: lilitakiwa kuwa vioo, vingi, visivyokubaliana. Ukerewe hiyohiyo ilitupa Euphrase Kezilahabi, na kabla yake Aniceti Kitereza, aliyemaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945 na kusubiri mpaka 1980 ndipo ikatoka kwa Kiswahili. Kitereza anaeleza kazi za mikono hatua kwa hatua, bila haraka, kama mtu anayejua kwamba msomaji akinyimwa hatua moja atashindwa kuifanya kazi hiyo. Kijana akiniandikia kwamba njia ya jua ilikuwa imepanuka mpaka inagusa mitumbwi yote ya mwaloni, ameniambia kuna upepo, ameniambia usiku huu kutoka itakuwa shida, na hajatumia neno upepo.

Kuhusu shangazi, wakala aliupeleka ujumbe ofisini pamoja na picha zetu nne. Makubaliano mpaka naandika haya ni kwamba dagaa wanapigwa picha kivulini, mbili na siyo moja, na pakiwa na ubishi mkono wa muuzaji unahesabika. Hayajaandikwa popote. Msimu wa mvua ukija na anga likabadilika, huenda tukarudi chini ya mwembe kuanza upya. Magunia mawili ya nyuma hayakufidiwa.

Mimi nimerudi kwenye mapaa yangu. Kwenye programu tunayotumia kuna kitufe cha kuomba picha nyingine ya eneo lilelile, iliyopigwa saa tofauti. Ukikibonyeza, kazi hiyo inasogezwa hadi wiki inayofuata, na malipo yake nayo yanasogea. Siku hizi, kwa Igogo na Mabatini, nakibonyeza.